Wabudha wanakaa kimya tu?

Swali: Shikamoo shangazi, mi niko Ngamiani hapa Tanga, jamaa mmoja kazini anasema Wabudha wao ni kufumba macho na kutafakari tu, shida za watu haziwahusu, ni kweli?

Jibu: Marahaba mwanangu. Si kweli, na hilo neno linaniuma maana watu wanalirudia tu. Sri Lanka mwaka 1958 mwalimu Mbudha A. T. Ariyaratne alichukua wanafunzi wake wa Colombo wakaenda kijiji maskini kufanya kazi na wanakijiji, ndo ikazaliwa harakati ya Sarvodaya, ile kazi wanaiita shramadana yaani kutoa jasho lako kama sadaka, we si unaijua msaragambo? Basi ndo hiyohiyo. Wanakaa kimya kwanza wanawatakia wote heri, halafu majembe. Taiwan nako, 1966, mtawa wa Kibudha Cheng Yen aliwaambia kina mama 30 watie senti 50 kila siku kwenye kopo la mwanzi kabla ya kwenda sokoni, wakasaidia wagonjwa.

Kule kufumba macho kunatuliza hasira. Juzi tulikuwa tunazibua mtaro mtaani kwetu, tope mpaka magotini, nusu saa nzima watu wanalaumiana nani katupa taka na majembe yamelala chini. Tungetulia kwanza kama wao, labda kazi ingeanza mapema.