Mkuu, usibonyeze "Yes" hapo

Funga kwanza hilo dirisha la Disk Management (zana ya Windows ya kugawa diski), ndipo usome. Umeuliza uache GB ngapi kwa C, penye Windows, na ngapi kwa Ubuntu, mfumo endeshi wa pili unaotaka kuuweka; hayo yatasubiri.

Umesema laptopu ni HP ya enzi za Windows 7, diski ya GB 500, C umeshaipunguza, na sasa kila ukitaka kutengeneza D, sehemu mpya ya kuwekea faili, Disk Management inasema itaigeuza diski kutoka "basic", mpangilio wa kawaida, kuwa "dynamic". Hapo ndipo watu wengi wanaumia. Diski hiyo imepangwa kwa MBR, mtindo wa zamani wa kuorodhesha patisheni (vipande vya diski), na jedwali la MBR lina nafasi nne tu za patisheni. Kiwandani zilishajazwa zote: SYSTEM, C, RECOVERY na HP_TOOLS. Ya tano haina pa kuandikwa. Windows, badala ya kukukatalia, inakufungulia mlango wa kuingia bila mlango wa kutokea.

Ukikubali, D itatokea, faili zako zitakuwepo na Windows itawaka kama jana, kwa hiyo utadhani mambo ni shwari. Shida inakuja siku ya kuweka Ubuntu, kwa sababu dynamic ni mpangilio wa Windows wenyewe na kisakinishi hakitaweza kugawa diski hiyo. Hata ule ujumbe unasema wazi kwamba mfumo mwingine wowote kwenye diski hiyo hautawaka, isipokuwa huu unaoutumia sasa. Na kurudi nyuma? Kwa zana za Windows, diski hairudi kuwa "basic" mpaka ufute volumu (vipande) zote, C ikiwemo. Kugeuza ni sekunde chache, kurudi ni kuanza upya.

Wanaonikera ni hawa wa video fupi wanaofundisha "Next, Next, Yes" bila kusoma kilichoandikwa kwenye skrini, na mafundi wanaomwambia mteja "hiyo ni kawaida" kisha wanapokea hela. Siyo kawaida! Mtu anapoteza picha za familia na kazi zake za chuo kwa neno moja la fundi.

Kanuni ni moja: nakili faili zako zote kwenye diski ya nje kabla ya kugusa patisheni yoyote, kisha fungua faili kadhaa huko huko uhakikishe zinasomeka. Nakala iliyo kwenye D ya diski ile ile si nakala.

Ukishamaliza, komboa nafasi moja kati ya zile nne. HP_TOOLS ndiyo ya kutoa, ndani yake kuna hasa zana za HP za kupima mashine. RECOVERY, ya kurudishia Windows ya kiwandani, usiiguse kabla hujaitengenezea DVD au flashi. Zikibaki tatu, bofya kwa kitufe cha kulia ile nafasi tupu iliyo baada ya C, chagua "New Simple Volume", na Windows itatengeneza yenyewe "Extended", patisheni inayobeba nyingine ndani yake, na kuiweka D humo. Usiipe D nafasi yote. Inayobaki humo iache tupu, Ubuntu inakaa vizuri kwenye patisheni ya "logical", yaani iliyo ndani ya Extended.

Kama ulishabonyeza "Yes", fungua diskpart, zana ya Windows ya kuandika amri za diski, andika list disk. Ukiona nyota chini ya "Dyn", usifute kitu na usijaribu programu yoyote ya kurekebisha. Windows bado inawaka, toa faili zako sasa hivi.