Benchi la mvule lisiende kuni
Dada, umeuliza kama benchi la mvule lililokaa uani Jinja miaka 20 ulibadilishe kwa viti vipya vya plastiki. Usilitoe! Mvule mzuri sasa ni adimu, na ule ukijivu uko juujuu tu. Dunga miguu kwa bisibisi. Bisibisi inapozama, pameoza: fundi akate aunge kipande kingine. Kisha piga msasa namba 80, halafu 120, ukifuata nyuzi za mbao. Mimi napendelea mafuta ya mbegu za kitani kuliko vanishi, kwa sababu vanishi ikipasuka maji hujificha chini yake. Matambara ya mafuta hayo yatandaze nje yakauke, tafadhali: yakirundikwa yanaweza kuwaka yenyewe. Miguu iwe juu ya matofali, mvua za Machi zinakuja.