Nyanya za kwenye ndoo zikigeuka njano, anza na mizizi

Ndugu mleta mada, umeeleza kwamba nyanya na pilipili hoho ulizopanda kwenye ndoo za lita 20 hapo kibarazani kwako, Dar es Salaam, zinageuka njano ingawa unazimwagilia asubuhi na jioni, na wachangiaji waliotangulia wamekushauri utie mbolea ya urea. Nimelima mboga kwenye ndoo na viroba kwa miaka mingi katika jiji hilohilo, na ninakuomba usitie chochote kwanza mpaka ujue mizizi iko katika hali gani.

Chomeka kidole kwenye udongo hadi pingili ya pili, kisha ufanye hivyo tena mahali pengine ndani ya ndoo hiyohiyo. Ukikuta juu pamekauka lakini chini udongo unanata na una harufu ya kuoza, tatizo lako ni maji mengi. Mizizi huhitaji hewa sawasawa na inavyohitaji maji, na udongo uliolowa muda wote hauna nafasi ya hewa, kwa hiyo mizizi hufa, na mmea uliopoteza mizizi hulegea mchana hata kama umesimama kwenye tope. Mwenye bustani huona mmea umelegea, hudhani una kiu, huongeza maji, na hali huzidi kuwa mbaya. Iwapo una mche mmoja ambao tayari umekata tamaa nao, ung'oe taratibu uutazame: mzizi mzima ni mweupe na mgumu kidogo, ilhali uliooza ni wa kahawia, na ukiuvuta kwa vidole ganda lake huchomoka na kubaki kiini chembamba kama uzi.

Tazama pia matundu ya ndoo. Ndoo nyingi ninazoziona zina tundu moja katikati ya kitako, nalo huzibwa na sakafu yenyewe. Toboa matundu matano au sita kwa msumari wa moto, mengine yawe ubavuni, karibu kabisa na kitako, kisha uiinue ndoo juu ya vipande vya tofali. Kuhusu udongo, mimi huchanganya sehemu mbili za udongo wa juu wa bustani, sehemu moja ya samadi iliyooza vizuri na sehemu moja ya pumba za mpunga zilizochomwa zikawa nyeusi, kwa sababu udongo wa mfinyanzi peke yake hugandamana ndani ya ndoo baada ya kumwagiliwa mara kadhaa. Samadi ya kuku ikiwa bado mbichi huunguza mizizi, hivyo iache ioze kwanza.

Urea ina nitrojeni asilimia 46, na upungufu wa nitrojeni kweli huleta njano, lakini njano hiyo huanzia kwenye majani ya chini yaliyokomaa, kwa kuwa mmea huihamisha nitrojeni kwenda kwenye majani machanga. Yakiwa majani ya juu ndiyo yaliyopauka huku mishipa yake ikibaki ya kijani, mara nyingi mmea umekosa madini ya chuma, na urea haitalitibu hilo. Tena, kuweka urea kwenye mizizi inayooza ni kuumaliza mmea kabisa.

Kuna jambo moja ambalo hakuna mchangiaji aliyeligusa, nalo kwa Dar es Salaam ni kubwa: chumvi. Visima vingi vya jijini, hasa maeneo ya karibu na bahari, vina maji ya chumvi, na ndani ya ndoo chumvi hiyo hujikusanya kila maji yanapokauka. Utaiona kama ukoko mweupe juu ya udongo na kwenye kingo za ndoo, na ncha za majani hukauka zikawa za kahawia. Dawa yake ni kumwaga maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, kwa wingi hadi yatiririke chini kwa muda, baada ya matundu kutengenezwa. Msimu wa masika kinga maji ya mvua, hayo ndiyo bora kuliko yote.

Mchangiaji aliyetaja kantangaze, yaani kiwavi anayeshambulia nyanya, nadhani amekosea, kwa sababu kiwavi huyo huacha njia na mabaka makavu ndani ya jani, nawe hukueleza kitu cha namna hiyo.

Ukisharekebisha matundu, mwagilia asubuhi tu, na uahirishe siku ambayo kidole kimekuta unyevu. Tandaza nyasi kavu juu ya udongo, ila zisiguse shina. Majani yaliyokwisha kuwa njano hayatarudi kuwa ya kijani, kwa hiyo usiyatumie kupima nafuu. Angalia majani mapya yanayochipua kileleni. Tueleze pia kama maji unayotumia ni ya bomba au ya kisima, na njano ilianzia majani ya juu au ya chini, maana majibu hayo mawili yatatuonyesha pa kuanzia.