Sekwensa ya MIDI kwa kinanda cha arenja: ipime kwa faili moja kabla ya kuilipia

Wapiga vinanda wengi huniuliza wanunue sekwensa gani, yaani programu ya kurekodi na kuhariri MIDI (amri ambazo kinanda na kompyuta hutumiana), wakiwa wameshajijibu nusu. Mtu ana arenja yake, kinanda kinachojipigia ngoma na besi kikifuata kodi unazoshika, ameona mtayarishaji fulani anatumia programu yenye skrini ya kuvutia, naye anaitaka hiyohiyo. Kabla sijasema jina lolote humuuliza: sauti zako zinatoka wapi? Programu nyingi za kisasa zimetengenezwa kwa ajili ya mtu ambaye piano yake, ngoma zake na vinanda vyake vya nyuzi vyote vimo ndani ya kompyuta. Mwenye arenja hayuko hivyo. Sauti zake anazo tayari, tena amezilipia, na zinasikika vizuri. Anachohitaji ni programu ya kukumbuka alichopiga, kumruhusu akirekebishe, kisha kukirudishia kinanda amri zote bila kupunguza wala kuongeza kitu.

Kwa hiyo kipimo changu cha kwanza hakihusu muonekano wala idadi ya vitufe. Rekodi wimbo mfupi kwenye kinanda chenyewe: staili (ule usindikizaji unaojipiga) inacheza, mkono wa kulia unabadilisha sauti mara mbili au tatu, na angalau sehemu moja ina efekti iliyo wazi, kama vile gitaa lenye distosheni. Hifadhi kwenye flashi, ifungue faili hiyo kwenye programu unayoifikiria, usiguse chochote, kisha ihifadhi kwa jina jingine kama faili ya MIDI na kuirudisha kwenye kinanda. Sikiliza ya kwanza, sikiliza ya pili. Zikilingana, programu hiyo inastahili kuendelea kuchunguzwa. Zikitofautiana, usihangaike nayo, hata kama ni ya bure.

Noti hupotea kwa nadra. Vinavyopotea ni vile vinavyozizunguka. MIDI ilipotoka mwaka 1983 haikuwa na orodha moja ya sauti kwa vinanda vyote. General MIDI ya mwaka 1991 ndiyo iliyokubaliana juu ya sauti 128 na kuipa ngoma chaneli ya 10 kati ya chaneli 16, ambazo ni kama njia, kila ala na yake. Arenja ya leo huweza kuwa na sauti zaidi ya elfu, na namba inayochagua sauti ina nafasi 128 tu. Ndiyo maana kuna benki: kinanda hupokea kwanza namba ya benki kupitia kontrola 0 (kontrola ni amri ya MIDI yenye namba na thamani), halafu sehemu yake ya pili kupitia kontrola 32, ndipo namba ya sauti inafuata. Mpangilio huo ukivurugwa, au kontrola 32 ikidondoka njiani, kinanda hakilalamiki. Kinakupa sauti ya msingi ya familia ileile: saksafoni nzuri uliyoichagua inageuka saksafoni ya kuchezea watoto. Watu wengi hulaumu spika.

Kuna na kisa cha namba kuteleza kwa moja. Ndani ya MIDI sauti zinahesabiwa kuanzia 0 hadi 127, lakini vitabu vingi vya vinanda vinaandika 1 hadi 128. Programu nzuri hukuruhusu kuchagua unavyotaka kuhesabu, na bora zaidi ni ile inayokuonyesha majina ya sauti za kinanda chako badala ya namba. Cakewalk, mojawapo ya sekwensa nitakazozitaja, ina utaratibu wa miaka mingi wa faili zenye kiambishi .ins: mtu anaandika humo sauti zote za kinanda fulani pamoja na benki zake, na wenzake wanaitumia. Reaper, nyingine kati ya hizo, inafanya kitu cha aina hiyo kwa faili za .reabank. Kabla ya kununua chochote, tafuta kama kinanda chako kimeshaandikiwa faili ya namna hiyo. Kuandika mwenyewe inawezekana, na kitabu cha orodha ya sauti kinakupa kila unachohitaji, ila ni kazi ya kuchosha kwelikweli.

Upande wa efekti ndiko programu nyingi zinakoanguka. Ukubwa wa sauti, kupanda na kushuka kwake, unapita kwenye kontrola 7 na 11, ridibu (mwangwi wa ukumbi) kwenye 91, korasi kwenye 93, na hizo karibu kila programu inaziheshimu. Lakini aina ya ridibu, distosheni ya gitaa na mpangilio wa ngoma moja moja hupita kwenye jumbe za SysEx, ambazo kila kampuni inaziandika kwa lugha yake. Yamaha wana XG, Roland wana GS. Programu iliyotengenezwa kwa watu wa sauti za ndani ya kompyuta inaweza kuzitupa jumbe hizo wakati wa kufungua faili, kimyakimya, bila onyo. Ukifungua orodha ya matukio ya faili iliyotoka kwenye kinanda cha Yamaha, mwanzoni kabisa utafute ujumbe unaoanza na F0 43. Usipouona, na una uhakika faili ya asili ilikuwa nao, jibu umelipata.

Nimesema orodha ya matukio. Kwangu hicho ndicho kifaa kikubwa kuliko vyote, na ajabu ni kwamba matangazo hayakitaji. Ni ukurasa unaoonyesha kila kitu kwa mistari: kwenye baa ya kwanza, pigo la kwanza, chaneli ya 4, kontrola 0, thamani fulani. Hauna uzuri wowote, lakini hapo ndipo unapoona kwa nini besi imegeuka filimbi. Programu isiyo na orodha hiyo, au inayoificha mbali, haifai kwa arenja.

Ukishakuwa nayo, ujizoeze kuacha baa ya kwanza bila noti. Weka humo ujumbe wa kuamsha XG au GS, uache nafasi kidogo, kisha benki na sauti za chaneli zote, ukizitawanya badala ya kuzirundika mahali pamoja. Waya wa zamani wa MIDI wenye pini tano hupitisha biti 31,250 kwa sekunde, hivyo ujumbe wa baiti tatu unachukua karibu milisekunde moja. Chaneli 16, kila moja na amri sita au saba, ni karibu sehemu ya kumi ya sekunde. Zirundike pamoja na noti ya kwanza na wimbo utaanza ukijikwaa. USB ina kasi zaidi, lakini kinanda chenyewe bado kinahitaji muda wa kubadilisha efekti.

Sasa majina. Kwa anayetumia Windows na anayetaka kuhariri faili tu, Sekaiju inatosha: ni ya bure, nyepesi, ina orodha ya matukio, haina mambo mengi. Sura yake ni ya kizamani na mimi sioni tatizo. Cakewalk ilianza mwaka 1987 ikiwa sekwensa ya MIDI tupu kwenye MS-DOS, na asili hiyo bado inaonekana. BandLab waliinunua mwaka 2018, na siku hizi inaendelea kwa jina la Sonar, kwa Windows pekee. Reaper inakwenda kwenye Windows, Mac na Linux, unaijaribu siku 60 kabla ya kuilipia, na ndiyo ninayoipendekeza kwa mtu anayetaka pia kurekodi mwimbaji, mradi awe tayari kutumia wikendi nzima akijifunza menyu zake. Kwenye Linux kuna Rosegarden, na imezaliwa na MIDI.

Cubase inataka maneno zaidi, kwa sababu Steinberg, watengenezaji wake, ni mali ya Yamaha tangu mwaka 2005 na toleo dogo la Cubase AI huja pamoja na baadhi ya vifaa vya Yamaha. Watu wanadhani kwa hiyo itakijua kinanda chao chenyewe. Haikijui mpaka uiambie. Ni programu yenye nguvu sana kwa MIDI, ila kwa kazi ya kurekebisha besi na kubadilisha sauti ya chaneli ya 3 ni nzito kupita kiasi. GarageBand ya Mac iache kwa kazi hii: haikutengenezwa kutuma MIDI nje kwenda kwenye kinanda. MuseScore ni nzuri kwa kuandika na kuchapa noti, lakini ukiifungulia faili ya staili itajaribu kuinyoosha iwe maandishi safi, na mtikisiko wote wa gitaa unakufa.

Kama utarekodi moja kwa moja kupitia USB badala ya flashi, kuna vitu viwili vitakusumbua siku ya kwanza. Cha kwanza ni noti kusikika mara mbili, au sauti kuwa na mwangwi wa chuma. Kinanda kinapiga, kompyuta nayo inakirudishia noti ileile. Zima Local kwenye kinanda (kiungo kati ya vitufe na sauti zake chenyewe) au zima kurudisha noti kwenye programu, kimoja tu kati ya hivyo. Cha pili ni tempo. Programu ina metronomu yake na staili ina yake. Zisipofungwa pamoja, baa za kwenye skrini hazitalingana na ulichopiga na hutaweza kukata wala kunakili chochote. Mimi huiachia kompyuta iongoze, kinanda nikakiweka kifuate saa ya nje. Kumbuka kurudisha baadaye, maana kinanda kinachosubiri saa ya nje hakianzishi staili, na kuna waliokipeleka kwa fundi kwa sababu hiyo.

Hakikisha pia programu inaweza kupokea chaneli zote 16 kwa mpigo mmoja na kuzitenganisha kila moja kwenye mstari wake. Na wakati wa kuhifadhi, iweze kukupa faili ya MIDI aina ya 0, inayoweka kila kitu kwenye mstari mmoja, si aina ya 1 pekee. Vinanda vya zamani huwa vinagoma kufungua aina ya 1.

Jambo la mwisho linawahusu wanaotaka kuhariri staili zenyewe. Faili ya staili ya Yamaha ukiibadilishia kiambishi kuwa .mid itafunguka kwenye sekwensa yoyote: utaona Intro A, Main A, Fill In na Ending zikiwa alama, ngoma kwenye chaneli 9 na 10, besi kwenye 11, na sehemu nyingine hadi 16. Inashawishi. Lakini nyuma ya sehemu ya MIDI kuna kipande kinaitwa CASM, chenye kanuni za jinsi kila chaneli itakavyofuata kodi unazoshika. Sekwensa ya kawaida haikijui kipande hicho, hivyo ukihifadhi kinakatwa, na kinanda kinabaki na muziki usiojua namna ya kufuata mkono wako wa kushoto. Zipo programu ndogo za bure, kazi ya wapenzi wa vinanda hivi, zinazohamisha CASM kutoka staili ya asili na kuirudisha kwenye uliyohariri. Tumia hizo baada ya sekwensa, au fanya kazi yote ndani ya Style Creator ya kinanda. Kwa vyovyote, faili ya asili iwe na nakala mahali pengine kabla hujabadilisha hata herufi moja ya jina lake.