Maswali yenu: hisa za kazini, akiba na kodi

Wiki hii naona pesa imeshinda ndoa kwenye maswali, haya twende.

*Kaka angu yuko London anafanya supamaketi, kaambiwa akatwe kila mwezi halafu baada ya miaka 3 anunue hisa za kampuni kwa bei ya chini. Si utapeli huo? (Dada, Chake Chake)*

Si utapeli dada, wanauita Sharesave, upo kwenye sheria za Uingereza. Anakatwa pauni 5 mpaka 500 kwa mwezi, miaka 3 au 5, na bei ya hisa inafungwa mwanzo kabisa, tena inaweza kushushwa kwa asilimia isiyozidi 20. Chukulia hisa ni pauni 2, yeye kafungiwa 1.60, anaweka 50 kila mwezi, miezi 36 keshapata 1,800, hizo ni hisa 1,125. Ikiwa siku hiyo hisa imefika pauni 3 ana mali ya 3,375 na lile punguzo halikatwi kodi ya mapato. Imeanguka ikawa pauni 1 jee? Hanunui, anachukua 1,800 yake anakwenda zake. Utamu upo hapo khasa. Ila akiacha kazi njiani kwa hiari yake, pesa anarudishiwa, hisa ndo basi tena.

*Tajiri wetu wa hoteli Nungwi anasema badala ya bonasi atatupa hisa. Na sie tutasamehewa kodi?*

Wapi bwana! Kodi ya mapato ni jambo la Muungano, TRA ndo wanaikusanya hata huku kwetu, na unachopewa kwa sababu ya kazi kinahesabiwa kama mshahara. Lakini mie kodi isingenitisha, ningeuliza hizo hisa nitamuuzia nani. Ya CRDB au NMB unaiuza soko la hisa Dar, ya hoteli ya mtu unangoja mpaka yeye mwenyewe aitake, na bei anajua yeye. Karatasi aliyosaini tajiri usiridhike nayo, nenda BPRA, wale wanaosajili makampuni Zanzibar, ukatizame kama jina lako limo.

*Mie naweka upatu na kidogo benki. Serikali inanisaidia nini?*

Upatu hakuna anaekukata wala anaekusamehe, zamu ikifika unabeba chako. Riba ya benki inakatwa asilimia 10 hata hujaiona. Nafuu yenyewe ipo ZSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa Zanzibar, mchango wako unatolewa kwanza, PAYE, yaani kodi ya mshahara, inapigwa kwenye kilichobaki. Tizama slipu yako, na kama mchango unakatwa lakini ZSSF haujafika, niandikie, hilo lina maneno yake.