Breki za Mustang ya 1966: anza na masta silinda, diski zifuate

Una gari la Kimarekani la miaka ya 60 lenye V8 na unataka kuliboresha? Wacha kabureta na ekzosi kwanza. Fungua boneti, tafuta masta silinda, ile pampu inayosukuma mafuta ya breki unapokanyaga pedeli, uhesabu vibakuli vyake vya mafuta. Ukikuta kimoja tu, basi magurudumu yote manne yanategemea njia moja. Hosi ikipasuka, au sili ya silinda ya gurudumu la nyuma ikichoka, pedeli inazama hadi sakafuni na hakuna gurudumu hata moja linaloshika. Mustang za 1965 na 1966 zilitoka kiwandani hivyo. Ford ilizifungia masta silinda ya njia mbili, yenye vibakuli viwili na breki za mbele zikitengwa na za nyuma, kuanzia modeli ya 1967, wakati sheria za usalama za Marekani zilipokuwa zinawabana watengenezaji wote.

Nalisema hili mapema kwa sababu wenye magari haya wengi ninaokutana nao hapa Jinja na kule Kampala hununua diski kwanza, zile sahani za chuma zinazobanwa na pedi. Diski zinaonekana nyuma ya rimu, zinapigwa picha. Masta silinda haionekani. Lakini ukinipa gari mbili, moja ina diski mbele na masta silinda ya kibakuli kimoja, nyingine ina dramu nne zilizotunzwa (ngoma za chuma zinazosukumwa kwa ndani na viatu vya breki) na masta silinda ya njia mbili, nitapanda hiyo ya pili na wanangu nyuma. Kwa hiyo kama fedha zinatosha kitu kimoja tu mwaka huu, nunua masta silinda.

Kwa nini basi tuhangaike na diski? Kwa sababu ya joto na maji, na Uganda tuna vyote. Gari lenye kilo 1,300 hivi likitembea kilomita 100 kwa saa limebeba nguvu karibu kilojuli 500, na ukisimama, zote zinageuka joto ndani ya breki. Ukiwa kwenye 50, ni robo tu ya hiyo. Sasa chukua mteremko unaokushusha mita 300, kama ile ya barabara ya Kabale kwenda Kisoro. Ukiushuka kwa breki tupu bila kuachia injini ikusaidie, joto lake linazidi la kusimama mara 7 kutoka kilomita 100 kwa saa, na hakuna mapumziko katikati. Dramu ikipata moto inatanuka na kuvikimbia viatu vyake, ndiyo maana pedeli inashuka kadiri unavyokanyaga. Diski ikipata moto inatanuka kuelekea kwenye pedi. Mvua nayo, mtu aliyepita Bwaise kule Kampala baada ya mafuriko anajua: dramu inahifadhi maji ndani, diski inayarusha nje mzunguko baada ya mzunguko.

Kuna jambo moja kuhusu dramu ambalo wauzaji wa kiti za diski (seti kamili za vipuri vyake) hawalisemi. Dramu inajisaidia yenyewe. Inapozunguka inakivuta kiatu cha mbele na kukibana zaidi, kwa hiyo mguu wako haufanyi kazi yote. Diski haina msaada huo. Ukifunga diski ukaacha mengine yote kama yalivyokuwa, utakanyaga kama unasukuma ukuta na utasema diski ni mbaya. Si mbaya. Zinahitaji shinikizo kubwa zaidi, na shinikizo linatoka kwenye kipenyo cha masta silinda na kwenye pedeli.

Hesabu yake ni ya penseli na karatasi. Tuseme mguu unasukuma kilo 30 na pedeli inazidisha mara 6: kijiti kinaingia kwenye masta silinda kwa kilo 180. Ikiwa kipenyo ni inchi 1, unapata kama kilo 35 kwa kila sentimita ya mraba. Ikiwa ni inchi 7/8, unapata kama 46. Faida ni kubwa, ila pedeli itasafiri zaidi, kwa sababu silinda nyembamba inasukuma mafuta kidogo kila inaposogea. Mimi nilichukua 15/16 na sijatamani kubadilisha.

Utashauriwa ufunge busta, kifaa cha kuongezea nguvu mguu wako unapokanyaga. Fikiri kwanza. Busta ya vakyumu inasukumwa na hewa ya nje, na sisi huku tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, ambako hewa ina shinikizo pungufu kwa karibu asilimia 13 ukilinganisha na Mombasa. Ukipanda Kabale inapungua tena. Juu ya hapo, V8 iliyofungwa kamshafti kali haivuti vakyumu ya kutosha ikiwa kwenye sailensa, yaani injini ikizunguka polepole bila kukanyagwa. Busta iliyosifiwa na mtu wa pwani ya California si lazima ikufae wewe Fort Portal. Gari jepesi kama hili linasimama vizuri kwa nguvu ya mguu peke yake ikiwa vipenyo vimechaguliwa sawasawa.

Sasa vipuri. Bunge lilipobadilisha sheria mwaka 2018 na kuzuia kuingiza magari yenye miaka 15 na zaidi, haya yaliyomo nchini yakawa mali ya kutunza, na vipuri vyake havijai Kisekka, soko la vipuri la Kampala. Kisekka ni soko la Toyota, Nissan, Subaru na Mercedes. Utashawishika kutumia masta silinda au hosi ya Kijapani kwa sababu inafanana. Hapo simama. Nati za bomba la breki la Mustang ni za inchi: lile bomba la 3/16 linatumia uzi wa 3/8 wenye meno 24 kwa inchi. Toyota inatumia milimita 10 yenye hatua ya milimita 1 kutoka jino hadi jino. Tofauti ya vipenyo haifiki nusu milimita, kwa hiyo nati ya Ford inaingia kwenye tundu la Toyota, inazunguka, hata inaonekana kukaza. Siku utakapokanyaga kwa nguvu zote, inachomoka. Ukilazimika kuchanganya, tafuta adapta iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, tena uihakiki kwa geji ya uzi, usiihakiki kwa jicho.

Vitu vizito kama diski na habu huwa ghali kusafirisha, hivyo agiza mara moja, na kabla ya kulipa hesabu nati za gurudumu lako. Mustang ya silinda 6 ya miaka hiyo ina nati 4, ya V8 ina 5, na kiti zake haziingiliani. Pima na rimu pia. Rimu nyingi za chuma za inchi 14 zilizotengenezwa kwa dramu zinagusa kalipa, kile kishikio cha pedi. Omba muuzaji akutumie kiolezo cha karatasi chenye umbo la kalipa, ukibandike kwenye kadibodi, ukijaribu ndani ya rimu kabla hujatuma hata shilingi.

Pedi tulizo nazo sokoni zinatofautiana sana. Tazama ukingoni mwa pedi au mgongoni mwake: kuna maandishi, na mwishoni kuna herufi mbili kama EE au FF. Ya kwanza inaeleza msuguano ikiwa baridi, ya pili ikiwa moto. E ni 0.25 hadi 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45. Gari lisilo na busta lipe FF. Pedi isiyo na maandishi yoyote mwachie muuzaji.

Kazi yenyewe unaweza kuifanya nyumbani, nami niliifanya uani kwetu Walukuba, kwenye sakafu ya saruji. Sakafu hiyo ni ya lazima. Usipandishe gari juu ya udongo, wala juu ya matofali au rimu zilizopangwa. Jeki inainua tu; gari linakaa juu ya stendi za chuma, na magurudumu ya nyuma yawekewe kigingi. Ukifungua dramu za zamani usipulize lile vumbi kwa kompresa, hata kama mafundi wote mtaani wanafanya hivyo, maana viatu vya zama zile vilikuwa na asbesto na vumbi lake linaharibu mapafu. Lilowanishe kwa maji ya sabuni, ulifute, kitambaa ukitupe kikiwa kibichi ndani ya mfuko. Watoto wasiwe karibu.

Kwenye kusafisha mipira na sili kuna tabia moja ya gereji zetu inayoniuma: petroli. Petroli, dizeli na oili ya injini zinavimbisha mpira wa breki. Masta silinda mpya inaweza kuharibika kabla gari halijatoka getini. Tumia spiriti au mafuta ya breki yenyewe.

Mabomba ndiyo yaliyonichukua muda mrefu kuliko yote, na sijutii. Ya zamani yalikuwa yameliwa na kutu kwa ndani, mahali ambapo macho hayafiki. Nilipokwenda kwa mafundi wa Katwe, Kampala, kutengenezewa mapya, fundi mmoja mwenye mikono mizuri sana alinitolea shaba laini ya friji. "Mkubwa, hii nimeweka kwa magari mengi, haisumbui." Nilimshukuru nikamwambia hapana, ssebo (bwana). Shaba tupu inakakamaa kwa mtikisiko na kupasuka, na barabara zetu za marram zina mtikisiko wa kutosha. Tumia chuma chenye rangi ya kinga, au ile aloi ya shaba na nikeli iliyotengenezwa kwa breki. Mdomo wa bomba ukunjwe mara mbili kwa nyuzi 45. Mdomo wa mkunjo mmoja unapasuka. Kabla ya kukunja hakikisha nati imeshaingia kwenye bomba!

Masta silinda ya njia mbili ina mambo matatu ya kutazama. Kibakuli kikubwa ni cha diski, kwa sababu pedi zinapolika mafuta hushuka kujaza nafasi nyuma ya pistoni. Pili, njia ya dramu inabaki na vali ndogo ya kushikilia shinikizo kama pauni 10 kwa inchi ya mraba, lakini njia ya diski isiwe nayo; ikiwepo, pedi hazitaachia na diski zitawaka moto barabarani. Tatu, kijiti cha pedeli kiwe na nafasi ya milimita 1 hadi 2 kabla hakijagusa pistoni. Kikiwa kirefu kinaziba tundu la kurudisha mafuta, na breki zinajikaza zenyewe kadiri unavyoendesha. Angalia pia swichi ya taa za breki: kwenye baadhi ya magari ya miaka hiyo imefungwa kwenye masta silinda ya zamani, na ukiitoa unabaki bila taa nyuma huku boda boda wamekuganda.

Nyuma niliacha dramu. Breki ya mkono inabaki bila usumbufu, na ukikanyaga uzito wa gari unakimbilia mbele, kwa hiyo kazi kubwa ya nyuma haipo. Lakini dramu za nyuma zikipewa shinikizo sawa na la diski zitafunga kwanza, mkia utazunguka. Weka vali ya kupunguza shinikizo kwenye bomba la nyuma, ile yenye kitasa cha kurekebisha. Uirekebishe kwenye uwanja mpana wa marram iliyolowa kidogo, polepole, mwenzako amesimama mbali pembeni akitazama gurudumu lipi linafunga kwanza. Mbele zitangulie, kwa tofauti ndogo.

Kutoa hewa kunaanza mezani: masta silinda ifungwe kwenye jiriwa, ijazwe, isukumwe taratibu huku mirija ikirudisha mafuta kwenye vibakuli hadi povu liishe. Kwenye gari unaanza na gurudumu la mbali zaidi. Hapa mafundi wetu waliozoea usukani wa kulia huanzia nyuma kushoto. Mustang ina usukani kushoto na masta silinda iko upande huo, kwa hiyo anzia nyuma kulia, kisha nyuma kushoto, mbele kulia, umalizie mbele kushoto. Mwagiko lolote kwenye rangi lioshe kwa maji mara moja.

Mafuta ya breki nimechagua daraja la DOT 4. Yakiwa mapya yanachemka kuanzia nyuzi 230, yakishanyonya maji yanashuka hadi 155, na hewa ya pembeni mwa Nyanza haikosi unyevu. DOT 3 inaanzia 205 na kushuka hadi 140. DOT 5 ya silikoni usiichanganye na hizo mbili kamwe.

Kabla ya kutoka getini, mwenzako akanyage pedeli kwa nguvu zake zote kwa dakika nzima, wewe ukiwa na tochi chini ya gari lililokaa juu ya stendi, ukipapasa kila kiungio kwa tishu kavu. Kisha aachie, na magurudumu ya mbele yazunguke kwa mkono bila kukwama. Pedi mpya nilizizoesha alfajiri ya Jumapili kabla trekta za miwa hazijaingia barabarani: kutoka kilomita 50 kwa saa kushuka hadi 15, bila kusimama kabisa, mara 10 hivi zenye nafasi ya kupoa katikati, halafu kurudi nyumbani bila kukanyaga sana na kuliacha gari lipoe lenyewe. Ukifika usivute breki ya mkono, weka gia na kigingi. Baada ya kilomita 100 kaza upya nati za magurudumu, kagua viungio vyote kwa tishu tena, upime kina cha mafuta kwenye vibakuli vyote viwili. Kisha badilisha mafuta yote kila baada ya miaka 2, hata kama gari limelala bandani.