Sidney Lumet: anza na chumba kimoja

Mkuu, umeuliza uanze na filamu ipi ya Sidney Lumet, na kwa nini anaheshimiwa hivyo wakati hakuwahi kushinda Oscar ya mwongozaji bora. Nakujibu kama mtu anayeongoza filamu fupi kwa bajeti ya kuungaunga, maana huyu mzee ndiye aliyenifundisha kazi.

Anza na 12 Angry Men ya 1957. Ndiyo filamu yake ya kwanza ya sinema. Kabla ya hapo aliongoza tamthilia za televisheni zilizorushwa moja kwa moja, ambako mwigizaji akisahau maneno hakuna kurudia. Raia 12 wamefungiwa chumbani waamue kama kijana aliyeshtakiwa kumuua baba yake ana hatia. Kumi na mmoja wanasema anayo. Mmoja, Henry Fonda, anasema kwanza tuzungumze. Basi, karibu filamu nzima imo ndani ya chumba hicho, na huchoki.

Mara ya kwanza fuata kisa. Mara ya pili zima sauti, uangalie kamera tu. Mwanzoni iko juu ya usawa wa macho ya waigizaji, katikati inashuka usawa huo, mwishoni inawatazama kutoka chini mpaka dari linaonekana. Lenzi nazo zinazidi kuwa ndefu, yaani za kuvuta picha karibu, kuta zinaonekana kuwasogelea. Unabanwa kifua bila kujua kinachokubana. Hapo kilichotumika ni mpango, si hela.

La pili ni mazoezi. Lumet aliwakusanya waigizaji kwa wiki mbili hivi kabla kamera haijawashwa, wakisoma na kupangiwa nafasi zao kama watu wa maigizo ya jukwaani. Huku kwetu mwigizaji mara nyingi anapewa maneno asubuhi, mchana anarekodiwa. Nilipoanza kuwafanyisha vijana wangu mazoezi sebuleni, bila kamera, siku za kurekodi zilipungua, na mume na mke wa kwenye hadithi wakaanza kugombana kama watu walioishi pamoja.

Matunda ya mazoezi utayaona kwenye Dog Day Afternoon ya 1975, iliyotokana na tukio la kweli la uvamizi wa benki Brooklyn mwaka 1972. Mengi ya maneno yake waigizaji waliyabuni wenyewe mazoezini. Ukiacha wimbo wa mwanzo, hakuna muziki uliotungwa kukuelekeza lini uogope. Al Pacino na jasho lake wanatosha.

Network ya 1976 ilipata Oscar 4, tatu kati yake za uigizaji. Beatrice Straight alishinda kwa kuonekana kama dakika tano tu! Mwongozaji anayempa mwigizaji nafasi ya namna hiyo, mimi simpimi kwa kombe. Lumet aliteuliwa mara nne kuwa mwongozaji bora, akaishia kupewa Oscar ya heshima mwaka 2005.

The Wiz ya 1978 iruke kwa sasa, hata kama Michael Jackson yumo. Njozi na nyimbo hazikuwa uwanja wake. Afadhali The Verdict ya 1982, Paul Newman akiwa wakili mlevi. Inakwenda polepole, ipe subira.

Ukishamaliza hizo tuongee Serpico, filamu yake nyingine na Pacino. Waliirekodi kuanzia mwisho kurudi mwanzo, ili ndevu za Pacino, zinazorefuka kadiri hadithi inavyosonga, zipunguzwe kidogo kidogo.